Zizi la Meno

Udahenda alinipigia simu juzi asubuhi, nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba yangu hapa Tlawi nachambua maharage, akaniambia kwamba kaka yake amefariki huko kusini na wamekwisha kumzika. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetoa taarifa ya mvua. Nikamuuliza nani wa nyumbani alikwenda, akasema hakuna, kwa sababu safari ni siku tatu na habari yenyewe imefika baada ya mazishi. Huyo alikuwa wa mwisho aliyebaki hai kati ya kaka zake watatu. Niliwaona wote wakiwa pamoja siku moja tu, asubuhi waliyoondoka na ng'ombe wao, na tangu asubuhi hiyo hakuna aliyerudi kulala hata usiku mmoja katika boma la baba yao. Mimi nilikuwa pale kwa sababu ya meno. Katika kazi yangu nimewaeleza watu mambo mengi sana, wagonjwa na wanafunzi wa uuguzi na akina mama wa kliniki, na kuna siku nilieleza mpaka nikasinzia nikiwa nimesimama. Habari za mwaka ule sijawahi kumweleza mtu. Baada ya simu niliendelea na maharage, na baadaye nikagundua nimeyarudisha mabovu kwenye sufuria pamoja na mazima.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipopelekwa kwenye zahanati iliyokuwa ikihudumia mashamba ya ngano ya serikali, chini ya mlima Hanang, njia ya kwenda Hirbadaw. Nilikuwa nimemaliza kozi fupi ya usaidizi wa tiba ya meno. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya vipuri, na harufu ya grisi haikutoka mwaka mzima hata nilipopiga deki kwa sabuni na majivu. Kiti cha wagonjwa kilitoka kwenye kombaini iliyokufa. Fundi mmoja wa karakana alikifunga juu ya ringi ya tairi ili niweze kukigeuza kuelekea dirishani, kwenye mwanga. Vifaa vyangu vilikuwa vyuma vitatu vyembamba vya kukwangulia meno, kioo kidogo chenye mpini, koleo mbili, na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia vyote hivyo. Nje ya dirisha ilikuwa ngano mpaka macho yachoke. Mganga wa zahanati, Bwana Lazaro, alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyeamini kwamba jino likisumbua dawa yake ni koleo. Siku ya kwanza alivitazama vyuma vyangu vyembamba, akaniuliza kama nimekuja kutibu watu au kusafisha kabureta.

Nililala kwa Mama Zuhura, mjane wa familia ya wafanyabiashara wa Katesh, aliyekuwa na mgahawa karibu na nyumba za wafanyakazi. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko lake, na ukuta ulikuwa magunia ya ngano yaliyoshonwa pamoja. Niliamshwa na sauti ya chapati zikipigwa juu ya meza, kisha chai ya maziwa ikichemka, kisha madereva wa matrekta wakiingia mmoja mmoja na kuanza kuteta. Kupitia magunia yale nilisikia habari zote za tambarare. Nilijua ni trekta gani limezama kwenye tope, nani kagombana na bwana shamba, na mimi mwenyewe nasemwaje. Kwa mfano, katika wiki yangu ya pili nilimkwangua dereva mmoja meno ya mbele kwa nusu saa nzima nikidhani ule ukahawia ni uchafu. Haukutoka, kwa sababu haukuwa uchafu. Ni maji ya tambarare ile, ambayo hulipaka jino rangi tangu likiwa bado ndani ya fizi ya mtoto. Yule dereva alivumilia mpaka mwisho, akajifuta mdomo, akasema, "Dokta, rangi hii ukiitoa mama yangu hatanijua." Jioni ile walicheka upande wa pili wa magunia mpaka Mama Zuhura akawaambia wamwache mwanawe.

Kutokana na kosa lile nilijifunza kueleza kwa kitu cha kushika mkononi. Mama Zuhura alikuwa na birika kubwa jeusi, na kwa maji yale, chini yake palikuwa pamejengeka gamba jeupe, nene, gumu. Nilimwomba kipande. Kila mgonjwa niliyempata nilimwekea kipande hicho kiganjani, nikamwambia: hakuna aliyelimwaga gamba hili ndani ya birika kwa siku moja. Lilianza kama utando laini ambao ungetoka kwa kitambaa. Jino nalo ni hivyo. Baada ya kula unabaki utando, tunauita ukoga, na ukoga unatoka kwa mswaki wa mti tu. Ukiuacha unaganda, unakuwa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki tena. Vijidudu vinakaa juu yake na chini yake, fizi inavimba na kutoa damu, kisha inarudi nyuma kama mtu anayekimbia moshi. Mwisho mfupa unaolishika jino unaliwa polepole, bila maumivu makubwa, na ndiyo maana watu wanachelewa kuja. Nilikuwa naeleza vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, maana ndilo jambo pekee nililokuwa naliweza mwaka ule.

Mzee Gidahuda alikuja mwishoni mwa Januari akiwa na binti yake Udahenda, ambaye alikuwa rika langu. Mzee alisimama mlangoni na shuka lake, fimbo mkononi, hakuingia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akiangalia vyuma vyangu. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, kwa hiyo Udahenda ndiye aliyenisimulia. Vijana wake watatu walikuwa wahamie kusini na ng'ombe wote, kwa sababu ukanda wa mwisho wa malisho, ule ulio kati ya boma na maji, ulikuwa umepangiwa kulimwa msimu ule. Matrekta yakishapita hapo, ng'ombe hawatakuwa na njia. Kwao, mtu haendi safari ya namna hiyo bila baba yake kuchukua funda la maziwa mabichi na kumpulizia kama baraka. Mzee alikwisha kufanya hivyo wiki iliyopita. Ng'ombe walikuwa wametoka nje, wanawake wamefunga mizigo, yeye akachukua funda, akapuliza, na maziwa yakatoka mekundu. Kila mtu aliona. Ng'ombe wakarudishwa ndani. Tangu siku hiyo hakuna kijana aliyethubutu kuzungumzia safari, na matrekta yalikuwa yanazidi kusogea. Alichotaka mzee ni dawa ya kuzuia damu kwa siku moja tu.

Nilimkaribisha kitini, akakaa pembeni kabisa kama mtu anayetaka kuondoka. Nyuma ya meno yake ya mbele ya chini ugaga ulikuwa umejengeka ukuta mzima wa kijivu, umeyaunganisha meno manne yakawa kitu kimoja, na mawili ya juu yalikuwa hivyo hivyo. Fizi zilikuwa za zambarau. Nilipogusa kwa ncha ya kidole ilitoka damu, na nyuma ya damu usaha. Hakuna dawa ya siku moja kwa mdomo kama ule. Nikamwekea gamba la birika kiganjani, nikaanza kueleza, na Udahenda akageuza maneno yangu kuwa ya kwao. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaligeuzageuza lile gamba, kisha akasema mwenyewe kwa Kiswahili, "Binti, haya mawe ndiyo zizi. Yanashika meno. Ukibomoa zizi, ng'ombe wanatoka." Nilitabasamu. Nikamwambia zizi ni fizi na mfupa, mawe ni kama samadi iliyorundikana ndani mpaka inausukuma ua kwa nje. Alicheka kidogo kwa pua, maana mfano ule aliujua, akaondoka na maji ya chumvi ya kusukutua. Baada ya siku nne alirudi, damu ikiwa ile ile, akaniambia niyakwangue mawe yale.

Hapa lazima niende polepole. Mfano wangu ulikuwa wa kweli, na wake pia ulikuwa wa kweli. Ugaga ndio uliokuwa umeula ule mfupa, lakini mfupa ulikuwa umekwisha kuliwa, na sasa kilichobaki kuyashika meno yale ni ugaga wenyewe. Nilifundishwa hivyo darasani na nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu: mgonjwa wa namna hii aambiwe mapema kwamba akisafishwa meno yatalegea, na mengine huenda yakatoka. Nilijua. Nilikuwa nimekwisha kuugusa ule ukuta kwa mpini wa kioo na kuhisi meno yote manne yakicheza kwa pamoja. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba nikimwambia atakataa, damu itaendelea, vijana watakwama na matrekta yatafika. Hayo yote yalikuwa kweli. Ila kulikuwa na jambo jingine, kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na tangu nifike hakuna mtu aliyetoka mikononi mwangu akasema nimemponya. Nilimwambia tu kwamba damu itakoma. Mimi ninayeeleza kila kitu, hilo moja nililiruka.

Nilimkwangua kwa vipindi vitatu, wiki moja baina ya kimoja na kingine. Alikaa bila kutikisika, mikono juu ya fimbo, macho kwenye ngano dirishani. Vipande vya ugaga vilikuwa vikidondoka kwenye sahani ya bati kwa sauti ya mchele, na Udahenda alikuwa akivihesabu kwa kidole, anashangaa. Nilimfundisha mzee kutumia mswaki wake wa mti kwa kupita ukingo wa fizi taratibu. Akawa anafanya kila asubuhi na kila jioni, kwa bidii ambayo sijaiona kwa mgonjwa mwingine yeyote. Siku ya kipindi cha tatu nilibonyeza fizi, nikasubiri. Hakukuwa na damu. Nikabonyeza tena upande wa pili, hakuna. Udahenda alipiga makofi mara moja, na mzee akaniwekea mkono kichwani. Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kuondoa kioo, na mpini ukaligusa jino moja la chini. Likainama. Likainama kama kigingi kwenye udongo uliolowa, na nilipoondoa mpini halikurudi mahali pake. Mzee alilihisi kwa ulimi.

Usiku ule nilimwandikia barua daktari wa meno aliyekuwa akizungukia vituo vyetu. Alikuwa na waya na utaalamu wa kuyafunga meno yaliyolegea, mimi sikuwa na hata kimoja. Barua ilipanda na gari la mbegu kwenda Dongobesh. Siku mbili baadaye mvua zilianza kwa nguvu, barabara ya mlimani ikakatika, na kila gari lililofika lilikuwa limetokea upande mwingine. Nilikuwa nasimama mlangoni nikisikia injini, kisha naona ni trekta. Bwana Lazaro aliniangalia siku kadhaa bila kuniuliza. Mwishowe alisema angekuwa yeye, angeyang'oa meno yale siku ya kwanza, na mzee angejua moja. Nyuma ya magunia madereva nao walikuwa na lao. Mmoja alisema dokta wetu amegundua namna ya kung'oa meno bila koleo, anayabembeleza tu. Mwingine akasema mzee wa watu ameponywa damu, sasa anaponywa na kutafuna. Walicheka, kisha mmoja akauliza kwa sauti ya chini ni lini watafika kwenye ule ukanda, na mwenzake akajibu, wiki hii. Hakuna aliyecheka tena. Mama Zuhura aliniletea uji wa ngano na siagi, akauweka karibu na kitanda, akakaa mpaka nikaumaliza.

Nilijaribu uzi. Bwana Lazaro alinipa uzi mweusi wa kushonea vidonda bila hata kuniuliza nautakia nini, nikayafunga meno ya mzee, jino kwa jino, nikiyaegemeza kwenye yale magumu ya pembeni. Nilimwambia ale uji na maziwa tu. Na hapo, kwa kuchelewa, nilimweleza kila kitu: mfupa, ugaga, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Udahenda aliacha kutafsiri katikati. Hakukuwa na haja, maana mzee alikuwa ananielewa. Aliniuliza swali moja tu, kama uzi utafika siku ya maziwa. Nilisema sijui, na lilikuwa jibu langu la kwanza kwake lisilo na mfano wowote ndani yake.

Uzi haukufika. Udahenda alikuja peke yake asubuhi moja, kanga imelowa, akafungua kitambaa akanionyesha meno mawili. Yalitoka na ugali. Mzee alikuwa amechoka na uji. Jioni yakatoka mengine mawili ya chini, na kesho yake yale ya juu. Labda angepata mwezi mmoja angejifunza upya, kwa sababu wazee wasio na meno wapo wengi na wanapuliza vizuri tu. Hakuwa na mwezi. Trekta lilikuwa limeegeshwa mwanzoni mwa ule ukanda, plau imeshushwa.

Waliniita niwepo. Nilikwenda na pamba mfukoni, kana kwamba pamba ingesaidia kitu. Ng'ombe walikuwa wamejaa uwanjani, wanawake wamekaa na mizigo, na wazee wenzake wanne walikuwa wamesimama upande wa kulia. Mzee Gidahuda alipewa kibuyu, akajaza funda, akamgeukia kijana wake mkubwa aliyekuwa amesimama hatua tatu mbele yake. Akapuliza. Mdomo wa mbele ulikuwa umeingia ndani, hauna cha kuegemea, na maziwa yakamporomoka kidevuni, yakashuka kifuani, yakaishia kwenye shuka. Yalikuwa meupe. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni meupe, hakuna hata tone la damu, kama nilivyoahidi. Alijaribu mara ya pili, ikawa vile vile. Mzee mmoja akasema jambo, na Udahenda akaninong'oneza kwamba amesema baraka imebaki kwa mwenyewe, haikutoka.

Kijana mkubwa alisimama pale muda mrefu akimtazama baba yake. Kisha akachukua fimbo yake, akageuka, akaanza kuwaongoza ng'ombe. Wa kati alifanya kama kumfuata, akasita. Mdogo ndiye aliyetoka mahali pake, akasogea mpaka akamfikia baba yake, akapiga magoti na kuweka paji la uso chini ya kidevu chake. Mzee akachukua funda la tatu akaliachia tu. Wa kati naye akaja akapiga magoti. Kisha wakaenda, maziwa yakiwatiririka shingoni, wakawahi kundi lililokuwa limekwisha kufika kwenye ukanda. Yule dereva wa trekta alizima injini mpaka ng'ombe wa mwisho akapita. Mkubwa ndiye aliyetangulia kufa, mwaka wa pili tu huko kusini, na watu wa tambarare walisema walichosema. Mimi najua maziwa hayamlindi mtu na homa wala kuyakosa hakumuui. Ningeweza kuwaeleza hivyo vizuri sana. Sikuwaeleza.

Nilikuwa nimempa mzee tarehe ya kurudi, siku ya nane baada ya kufungwa uzi, na sikutegemea kumwona tena maishani. Siku hiyo alikuja. Alitembea kwenye matope kutoka bomani na Udahenda, akasimama mlangoni, nikampa shikamoo, akaitikia. Akakaa kitini, safari hii katikati kabisa, akafungua mdomo. Fizi zake zilikuwa za rangi ya waridi, zimekaza, zimelishika kila jino lililobaki. Mwaka mzima sikuona fizi nzuri kama zile. Nilibonyeza huku na huku. Nikamwambia zimepona, aendelee na mswaki kila siku. Akauliza kila siku mpaka lini. Nikasema mpaka mwisho.

Akatikisa kichwa, akainuka. Nilifikiri anaondoka. Alimshika Udahenda bega, akamkalisha kwenye kile kiti na kumgeuza kuelekea dirishani kama alivyoniona mimi nikifanya. Kisha akarudi nyuma akaegemea fimbo yake.

"Huyu meno yake yote yapo," akasema. "Mweleze. Na umwambie yote."

Nilichukua kioo. Nikaanza na kile ambacho huenda kingemfanya akatae.